Batoto Benye Nilifunga Mukaba

Ninyi bashofere benye munabaki pa stesheni ya Kashikishi, miye nilisha kuacha. Mahali pangu pa kupaki, pale karibu na mama mwenye anauza mandazi, mutagawana ao mutapigana, ile si shauri yangu tena. Kiuno kinakataa kukaa kwa usukani mpaka Mansa, na miye sitaki kuendesha polepole sawa mutu anasindikiza maiti. Munaniambia: Mama Ngoie, tuandikie kazi yako. Bon, naandika. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, kule ng'ambo ya ziwa, Kongo, na herufi zangu zinatembea kila moya na njia yake. Mwenye anataka kucheka maandiko yangu, kwanza anitafutie mutoto moya mwenye alishuka ndani ya motokari yangu na jeraha. Akimupata, acheke mpaka achoke.

Nilivuka ziwa na mama yangu wakati wa vita, nikiwa binti mwenye nguvu na mudomo mubaya. Tulianza kuuza chisense, bale samaki badogo ba kukausha, kisha nikaona bapakiaji ba malori banakula vizuri kuliko siye. Nikaenda kupakia. Wanaume balicheka siku ya kwanza. Siku ya pili balinipa magunia mazito, bakingoja nianguke. Siku ya tatu balinyamaza, ju nilikuwa nafunga kamba kuliko bote.

Njo pale Ba Mulenga alinichukua. Alikuwa shofere wa lori la samaki, Mubemba wa hapa hapa Nchelenge, mufupi, na sauti ya kuita batu bakasikia mpaka Kongo. Kiswahili chake kilikuwa cha soko: kilo, bei na matusi. Lakini alinisemesha nacho, ju Kibemba changu wakati ule kilikuwa cha kutia batu huruma. Alipanda juu ya mizigo, akavuta kamba yangu na kidole kimoya.

"Mayo," akasema, ile njo "mama" kwa Kibemba, "hii kamba inakudanganya. Kwa nje iko sawa polisi. Ndani imelewa."

Nikafunga upya. Akavuta. "Sasa imeamka. Lakini bado inaumwa kichwa."

Nikafunga tena. Akavuta, akashuka, akawasha motere. Kwa Ba Mulenga, ile njo ilikuwa sifa.

Alinifundisha kwamba motokari inaposimama, mizigo haijui kama tumesimama. Yenyewe inaendelea na safari. Kintu chenye hakikufungwa, dakika ile kinakuwa shofere. Niliitika ndiyo, ndiyo, sawa ninyi munavyoniitikia, na sikusikia kitu. Basi alipoanza kunifundisha usukani, alinikalisha kwanza kiti cha pembeni, akaniwekea mapajani mufuko wa chumvi, uzito wa mutoto mwenye anaanza kukaa.

"Huyu ni mutoto wako. Mukamate sawa mama."

Nikamukamata na mikono yote mbili. Tulikuwa tunaenda pole sana, baiskeli ilitupita. Akakanyaga freni. Ile chumvi ilitoka mikononi mwangu bila hata kuaga, ikapiga mbele, ikapasuka, ikajaa miguuni mwetu. Miye, mwenye kubeba magunia tangu asubuhi! Ba Mulenga akazima motere.

"Ulisha kuzaa?"

"Bado, ba tata."

"Ukizaa, usimukamate. Umufunge." Kisha akaniambia nikusanye ile chumvi yote, hata yenye iliingia chini ya mikeka ya motokari, ju ilikuwa ya muke wake na yeye alikuwa anamuogopa.

Ba Mulenga alisha kufa. Alipenda pombe siku za mapumziko, matusi siku zote, na hakuna siku gunia lake lilianguka njiani. Nikimukumbuka nacheka peke yangu, na bajukuu bananiuliza nacheka nani.

Motokari yangu mwenyewe ilitoka Japani, ikapita Dar es Salaam, ikafika hapa ingali inasalimia batu Kijapani kila ukiwasha. Sikujua inasema nini. Nilikuwa naijibu "Mwashibukeni mukwai," salamu ya asubuhi ya Kibemba, na tukasikilizana mpaka mwisho. Nyuma, ndani ya buti, kulikuwa kiti kidogo cha plastiki na mikaba mingi, ile mikanda ya kufungia mutu. Kasongo, munamujua, mwenye mudomo mukubwa pa stesheni, akasema ni kiti cha kinyozi wa batoto. Mwengine akasema bazungu banabebea mbwa. Nikaipeleka nyumbani, kuku wangu akaingia, akataga, akalalia, na mayai yote yakaanguliwa. Kwa hiyo wa kwanza kujua usalama wa ile kiti hapa kwetu alikuwa kuku.

Kisha sheria ikakuya. Mapolisi pa barieri, kizuizi cha barabarani, bakaanza kuinama kwa dirisha: mutoto eko wapi, kiti iko wapi? Kasongo akakuya nyumbani na heshima yenye sikuizoea. "Mama Ngoie, tuazime ile kiti, niko na safari na mutoto mudogo." Nikampa. Nilifurahi hata. Kumbe bwana mukubwa alikuwa anamuweka mutoto ndani akikaribia kufika barieri, mikaba inaninginia, akapita, akamurudisha mutoto mapajani mwa mama yake, kiti akaipa mutu wa pikipiki. Ule naye anaizungusha njia ya nyuma, katikati ya mihogo, anaipeleka kwa shofere mwenye anafuata. Stesheni nzima ilikuwa inapita na kiti kimoya.

Balipata siku yabo. Polisi moya, mutu mupole, akafungua mulango akaiangalia ile kiti sana. "Hii," akasema, "nilisha kuisalimia tangu asubuhi. Haichoki? Haili?" Akaingiza vidole kati ya mikaba, akatoa unyoya wa kuku, akauinua juu bote baone. "Na abiria huyu, alishukia wapi?"

Batu balicheka juma nzima. Miye pia nilicheka, kisha nikakasirika, ju niliona kintu: balikuwa banafunga mudomo wa polisi, hakuna hata moya mwenye alikuwa anafunga mutoto. Nikaenda kuchukua kiti yangu. Nikaiosha. Kulikuwa karatasi ya picha pembeni, maneno yote Kijapani, na nesi moya kijana wa hopitali, mutoto wa adabu kweli, alikaa na miye tukafuata zile picha moya moya mpaka tukaelewa. Yeye alijua mwili wa mutoto, miye nilijua kamba. Tulifanya mutu moya mwenye akili.

Sasa sikieni yenye tulielewa, na mwenye anajua tayari avumilie.

Mutoto mudogo anakaa nyuma ndani ya motokari, na uso wake unaangalia nyuma. Munasema atachoka kuona kiti tu. Hachoki. Shingo yake iko sawa bua na kichwa chake kiko sawa boga, na ile bua haiwezi kusimamisha boga likienda mbele. Akiangalia nyuma, kiti chote kinamupokea mugongo. Usimuweke mbele kwenye ule mufuko wa hewa wenye unapasuka ukigonga. Ule unamusaidia mutu mukubwa. Mutoto unamupiga sawa mulango.

Mukisha kufunga kiti, ikamateni chini, pale mukaba unapita, muitikise. Ikicheza sawa jino la muzee, fungeni tena. Ile mikaba ya mabega, ivuteni mpaka hamuwezi kufinya kitambaa chake kati ya vidole. Mafundi bengi banashona mavazi ya viti ya kupendeza, maua na simba, na kufunika kabisa mahali pa kuingiza mukaba. Kateni ile simba. Na siye huku tuna shida yenye bazungu habakuiandika: magamba ya samaki. Yanaingia ndani ya kifungio, kinakataa kulia "ka". Kama hakilii, hakikufunga. Chukueni buroshi ya meno na maji ya vuguvugu, mutoe magamba, mungoje kikauke. Kiti chenye kilisha kugonga na motokari, mukikate mikaba kabla ya kutupa, ju mukitupa nzima, kesho mutaiona sokoni inauzwa sawa mupya.

Na batoto bawili ndani ya mukaba moya, hapana. Fundi mbao moya alinitengenezea sanduku ya mutoto kukalia, akaipaka rangi nzuri. Nilimushukuru. Ninawekea vitunguu.

Batu baliniita Mama Kamba. Niliona ni jina zuri kuliko yenye baliwaita ninyi. Na batoto, jamani, batoto habakuwa na shida. Shida ni bakubwa. Mutoto akisha kuzoea, njo anakuwa polisi wako. Kulikuwa binti wa kule Mofwe, baba yake mutu wa heshima, na kofia. Baba anapanda mbele, anashika mukaba tu na mukono ili ionekane. Binti nyuma anasema, "Tata, wewe haulii ka." Ule mutu wa heshima akajifanya kusinzia. "Tata! Mama Ngoie hawezi kuondoka, haulii ka!" Akafunga. Nilisha kubeba bakubwa bengi, na hakuna mwenye alinisaidia kazi sawa ule binti.

Sasa niandike ile safari ya Puta, ya miaka yangu ya mwisho, ju wengine munaisema vibaya pa stesheni, na miye njo nilikuwa kwenye usukani.

Chantal alikuwa binti wa bale bakimbizi ba kwetu benye balishikilia mashamba ya mihogo huko Puta. Alizaa hapa Nchelenge, bakamupasua, kwa hiyo hakuweza kubeba mutoto. Mama yake, Nkambo Feza, nkambo njo nyanya ya mutoto, alikuya kubachukua. Mwanamuke mwembamba, mikono ya jembe, na wakati wa baridi ule alivaa koti ya mwanaume. Nilibakuta pa mulango wa hopitali. Mutoto alikuwa tayari kwa mugongo wa nkambo, na nasema kweli, kitenge kilifungwa na mutu mwenye anajua.

"Karibu nyuma, nkambo," nikasema. "Mutoto anaingia hapa."

"Anaingia wapi?"

"Ndani ya kiti."

"Ndani ya karai hii?" Akaniangalia toka chini mpaka juu. "Mama shofere, miye niko na mugongo."

Nilikuwa natembea na mufuko wa chumvi siku zote, sawa Ba Mulenga. Nikautoa. "Nkambo, kamata kwanza hii, tupande tujaribu."

Hakunyosha hata mukono. "Chumvi naijua," akasema. Kisha akasema yenye sikuitegemea, na sauti yake haikupanda. Mutoto wa kwanza wa Chantal, alimubeba yeye, mapajani, ndani ya motokari ya mutu mwengine, njia ya kwenda Chienge. Ng'ombe akakata barabara. "Mikono yangu ilifunguka. Si miye nilifungua. Ilifunguka yenyewe." Chantal alikuwa anaangalia chini. "Kwa hiyo huyu hatakamatwa na mikono. Huyu nimemufunga kwa mwili wangu. Tukiruka, turuke bote."

Nilirudisha chumvi yangu. Nilikuwa nafundisha mutu mwenye alilipa masomo kuliko miye.

Mbele yetu kulikuwa gari la mizigo la samaki linataka kuondoka kwenda Chienge, batu juu ya magunia matupu. Shofere wake akaita, "Mayo, kuyeni huku, huku hakuna maswali!" Nkambo akageuka kuangalia. Miye nikaona yote mara moya. Nikisema hapana, atapanda kule juu, hata ukingo wa kushika hakuna. Nikisema ndiyo, freni ya kwanza, mugongo wake wote utamukandamiza mutoto kwenye kiti, na nkambo mwenyewe njo atakuwa mwenye kumuua. Mutu hawezi kubeba ile kintu mara mbili.

"Nkambo," nikasema, "ukikaa, unaegemea wapi?"

"Kwa kiti."

"Na mutoto eko wapi?"

Akagusa mutoto mugongoni. "Nitamuzungusha mbele."

"Basi mukaba utamubana na tumbo lako."

"Sasa munataka nifanye nini?" Pale njo alipiga kelele, hata nesi akatoka. "Nimuweke peke yake sawa mufuko? Yeye peke yake na plastiki? Nani atamukamata?"

Miye sikusoma vitabu. Niliweka mikono yangu nyuma. "Weye njo utamufunga," nikasema. "Miye siguse. Kama ukisema hakufungwa, hatuondoki."

Aliangalia ile kiti, akaangalia Chantal. Kisha akafungua kitenge, akamushusha mutoto ndani ya kiti, na blanketi yake yote, munene sawa mukate. Nilimuonyesha na mudomo tu: huu bega, huu bega, huu katikati ya miguu. Kikalia ka. Ule shofere wa samaki akapiga honi, akaondoka.

"Sasa jaribu," nikasema, "sawa unavyojaribu kitenge."

Bamama bote banajua: ukisha kumufunga mutoto mugongoni, unainama, unaruka kidogo, unapitisha mukono chini yake. Nkambo akatikisa kiti. Haikuenda. Akapitisha mukono chini ya mukaba. Mukono wote ukaingia, mpaka kifundo.

"Eh! Nani alifunga hii?"

"Weye."

"Nyamaza." Akafungua. Akaifinya ile blanketi, akaifinya tena, na nikaona akili yake inafanya kazi. "Hii blanketi inakula mukaba," akasema. "Ikisinyaa, yeye anatoka." Akaitoa. Mutoto akalia na baridi, Chantal akataka kusema, nkambo akamunyamazisha. Akamufunga na nguo yake tu, akavuta, akajaribu, akavuta, mpaka kidole kikakosa njia. Kisha akamufunika na kitenge juu ya mikaba, akakunja pembeni vizuri.

Miaka nilikuwa naeleza bamama ile mambo na maneno mingi. Yeye alisema matatu. Blanketi inakula mukaba. Yachukueni, ni ya Nkambo Feza.

Tukaondoka. Yeye pembeni ya kiti, mukono juu ya kifua cha mutoto, Chantal upande ule mwengine na muto juu ya kidonda chake. Nilibafunga bote, nkambo akanung'unika koti yake inakunjika. Njia nzima hakuondoa ule mukono. Kila tukipita shimo, nilimusikia anasema, "Niko hapa, niko hapa."

Kabla ya kufika Puta, kwenye ile kona yenye majani marefu, lori la makaa lilikuwa limekufa katikati ya barabara. Batu ba baiskeli balikuwa banalizunguka upande wangu. Nilikanyaga freni na miguu yangu yote, motokari ikateleza kwa mchanga, ikaingia ndani ya mihogo ya mutu, ikasimama.

Vumbi. Niligeuka. Mukono wa nkambo ulikuwa mbali kabisa, mbele, umegonga kiti changu, vidole wazi. Alikuwa anaviangalia. Hakuwa anaangalia mutoto. Hakuweza.

Kitenge kilikuwa chini. Nikainuka, nikachungulia juu ya mugongo wa ile kiti: mutoto alikuwa pale pale nkambo alipomufunga. Macho wazi, mudomo umekunjwa, amekasirika sawa mutu mwenye baliita jina vibaya. Akavuta pumzi. Akaanza kulia mpaka motokari ikajaa.

"Mama, analia," Chantal akasema, na yeye mwenyewe analia. "Tumutoe?"

"Hapana," nkambo akasema. Akaniangalia ndani ya kioo. "Mama shofere, unamusikia?"

"Namusikia, nkambo."

"Muache alie. Alie sana."

Tulikaa pale ndani ya mihogo tukamusikiliza. Mwenye shamba alikuya na hasira na jembe, akachungulia, akaona bamama batatu banalia na mutoto kiongozi wabo, akarudi nyuma. Batu ba baiskeli balitusukuma tukatoka.

Puta balitungoja. Mashangazi, majirani, batu ba kanisa, bote na mpundu, vile vigelegele vya bamama, bakakimbilia mulango wa motokari kumupokea mugeni. Mutoto alikuwa amelala. Nkambo Feza akatoa kichwa kwa dirisha.

"Hakuna kumufungua! Mumusalimie pale pale."

Bakapanga mustari, nasema kweli, bakaingiza vichwa kwa dirisha moya moya, bakapiga mpundu kwa sauti ya chini sawa banaiba. Bakatuletea bukari, ndiyo ugali, na samaki ndani ya motokari. Nilikula juu ya usukani. Chantal alikula. Nkambo alikula na mukono moya. Mutoto alipoamka, yeye mwenyewe alikifinya kile kifungio, akamuinua, na alikuwa amelowa mpaka shingoni, kiti yangu pia. Akamufunga mugongoni, akainama, akaruka kidogo, akapitisha mukono.

Nikawasha motere. Akagonga dirisha.

"Sindano yake ni juma ya kukuya, pa hopitali," akasema. "Utatuchukua?"

"Nitabachukua, nkambo."

"Ukuye na kiti. Kama haukuye na kiti, usipige hata honi."